Kabla Hujamruhusu Mtoto Kuingia Mtoni

Krismasi moja tulitoka Dandora, ukoo mzima kwenye matatu ya kukodi, tukaenda kutembea Fourteen Falls, Mto Athi unakoporomoka karibu na Ol Donyo Sabuk. Kabla sijamaliza kuelewana bei na mwenye mashua, mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ameshavua shati na kujitosa. Siku ya tatu alianza kuharisha, homa ikapanda. Daktari aliuliza jambo moja tu: "Huyu aliogelea wapi?"

Nilipojibu, niliona aibu. Maji aliyoyameza mtoto yalikuwa yamepita nyuma ya nyumba yetu. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukakata mji, ukazoa taka za Gikomba na za jaa letu la Dandora, ukabeba na maji ya Mathare na Ngong, kisha ukamwagika Athi, juu ya maporomoko hayo. Tulisafiri kwenda kupumzika ndani ya uchafu wetu wenyewe.

Tangu siku hiyo nachunguza kwanza. Povu jeupe lisiloyeyuka chini ya maporomoko, harufu ya choo, mifuko iliyonasa kwenye mizizi: hapo mtoto haingii, hata alie. Mvua ikiwa imenyesha, hata mto unaouamini uache kwa siku tatu hivi, kwa sababu mvua husomba vyoo na mitaro yote. Mwenye kidonda asiguse maji kabisa.

Mashua tunapanda bado, na wale vijana wa makasia wanahitaji riziki. Lakini mikono haiingii majini, na hakuna kula mahindi kabla ya kunawa kwa sabuni. Nabeba sabuni na mtungi wa maji kutoka nyumbani.

Samaki ndio huwadanganya watu wengi. Utaambiwa, "Si unaona wako hai?" Anayeonekana hapo mara nyingi ni kambare, naye huweza kupumua hewa ya juu, kwa hiyo huvumilia maji ambayo samaki wengine hufia. Uhai wake hauthibitishi usafi wowote. Na moto wa jikoni huua vijidudu, lakini hauondoi madini ya risasi wala zebaki iliyokwisha kuingia kwenye nyama. Kaanga, chemsha, kausha, sumu hiyo imo. Mimi samaki wa mto unaopokea maji taka ya viwanda simnunui, na mama mjamzito simruhusu hata kuonja.

Anayedhani nazidisha aende Bwawa la Nairobi, upande wa Lang'ata. Lilijengwa mwaka 1953, na watu walikuwa wakishindana humo kwa mashua za tanga. Maji taka yakalisha magugu maji, magugu yakatanda, na leo ukisimama ukingoni huoni maji, unaona majani.

Mpwa wangu alipona. Sasa tunampeleka kwenye bwawa la kuogelea la kulipia, na kabla ya kulipa namwomba mhudumu anionyeshe walivyopima klorini asubuhi hiyo.