Altrasaundi ya kutibu saratani ipo, ila baba asiisubiri

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi niko Urambo, Tabora. Baba mkwe ni mkulima wa tumbaku na amevuta miaka mingi, sasa ana kidonda chini ya ulimi, wamekata kinyama wakapima wakasema ni saratani na wametupa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Shemeji kaona kwenye simu kwamba kuna altrasaundi ikichanganywa na dawa ya kinga inamaliza saratani ya kichwa na shingo bila mionzi, basi mzee kagoma kabisa anataka hiyo. Hapa altrasaundi si ipo?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Hiyo ya hapo ni ya kuangalia tu, ile ya kupakwa jeli kama wajawazito. Inayotibu ni mashine nyingine, inakusanya mawimbi ya sauti mengi yakutane sehemu moja ndogo, kama kioo kinavyokusanya jua likawasha nyasi, uvimbe unaungua au unasagwa na vipovu, na ukisagika unamwaga protini zake kwa hiyo askari wa mwili wanamtambua adui waliyekuwa wanampita tu. Hapo ndo inaingia dawa ya kinga kwa dripu, mfano pembrolizumab, ambayo inazuia saratani isiwazime hao askari. Dawa hiyo Marekani waliiruhusu kwa saratani za kichwa na shingo 2016, lakini kwa waliorudiwa na ugonjwa, ikitumika peke yake uvimbe ulipungua kwa chini ya mtu mmoja kati ya watano, ndo maana watafiti wanatafuta cha kuisaidia, na mimi naona wazo lao ni zuri kweli.

Ila mwambieni mzee ukweli, kuchanganya hivyo viwili kwa kichwa na shingo bado ni majaribio. Ile altrasaundi ya kusaga uvimbe Marekani waliiruhusu 2023, tena kwa uvimbe wa ini. Shingoni pagumu, kuna mishipa mikubwa ya damu, mifupa, na hewa ya koo ambayo mawimbi hayapiti.

Kidonda cha ulimi hakisubiri jamani! Kikiwa kidogo upasuaji unaweza kukimaliza, kikihamia kwenye tezi za shingo mara nyingi anahitaji na mionzi, wakati mwingine pamoja na kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, na nafasi ya kupona inapungua. Naelewa anaogopa mionzi, mdomo unakauka na kutoka vidonda, kula inakuwa shida, hilo simfichi, lakini wako wengi waliopona kwa njia hiyo.

Nendeni Bugando wiki hii, bebeni majibu ya kinyama na barua ya rufaa, hela ikiwa tatizo muulizeni ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha. Akaangaliwe meno kabla ya mionzi, mabovu yang'olewe mapema. Na sigara aache leo, ugoro pia, maana anayeendelea kuvuta huku anapigwa mionzi tiba haimshiki vizuri.