Nilikificha kitabu cha saba: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Waalaikumu salaam. Barua yako nimeipata, na ile sauti ya Salma akisoma nimeisikiliza mara tatu. Kiingereza chake kimekuwa cha huko Leicester kabisa, lakini anavuta pumzi katikati ya sentensi vile vile ulivyokuwa ukifanya wewe.

Umeniuliza mawili kwa mpigo. La kwanza, mmemaliza vitabu sita vya Narnia, ile nchi ya kubuni ya simba Aslan, na sasa kila mzazi wa huko ana lake kuhusu cha saba. Mmoja amekwambia ndicho bora kuliko vyote, mwingine ameapa hatamsomea mwanawe, wa tatu alikitupa ukutani akiwa na miaka kumi na moja kwa ajili ya yaliyompata Susan, mmoja wa watoto wanaoingia Narnia, na huyo Susan ndiye kipenzi cha Salma. La pili limeandikwa kwa hasira kidogo, na haki yako. Umekumbuka kwamba nilikusomea sita tu, nikakwambia cha saba kimepotea. Unataka kujua kama nilikificha, na kama ni kwa sababu ya wale maadui wenye vilemba.

Nilikificha, mwanangu. Kilikuwa ndani ya sanduku la mbao, chini ya kanga. Nilikudanganya na naomba unisamehe. Vilemba havikuwa sababu, ingawa navyo nitavifikia.

Nianze na mchwa. Mwaka 1978 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu, na kwenye rafu ya chini kulikuwa na The Last Battle, hicho hicho cha saba, jalada limelegea, limeshonwa kwa uzi mweupe. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni wakala karatasi za mwisho. Nilisoma usiku kwa tochi baada ya taa kuzimwa, nikafika pale wanapoogelea kuyapanda maporomoko ya maji, wanacheka, maji yanawamiminikia usoni, na hapo kitabu kikaisha. Kilichobaki kilikuwa vumbi la udongo na ncha za karatasi kama meno.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja nilijua hadithi hii bila mwisho wake. Nilijua kwamba Narnia imeanguka, nyota zimeshuka, Peter ameufunga mlango. Nilijua kwamba wote waliowahi kufika Narnia wamekusanyika upande wa pili wakiwa vijana na wazuri, na kwamba mfalme wa mwisho, Tirian, akawahesabu akauliza mbona malkia mmoja hayupo. Peter akamjibu kwa kifupi kwamba dada yake Susan si rafiki wa Narnia tena. Jill akaongeza kwamba siku hizi hajali kitu ila soksi za nailoni, rangi ya mdomo na mialiko. Basi. Mistari michache, kisha wanaendelea na matunda.

Nilikasirika usiku ule, Rehema, tena sana. Tulikuwa wasichana arobaini bwenini, na chini ya godoro la kila mmoja kulikuwa na kipande cha kioo na kijichupa cha wanja. Na Susan nilikuwa namjua tangu kitabu cha kwanza. Yeye na mdogo wake Lucy ndio waliotembea na Aslan usiku wa kuuawa kwake, wakaweka mikono kwenye manyoya yake kwa sababu aliwaomba asiwe peke yake. Yeye na Lucy ndio waliokaa na maiti mpaka alfajiri, vidole vimekufa ganzi kwa baridi wakimvua kile kifungo alichofungwa kinywani na maadui. Peter hakuwepo pale. Leo Peter ndiye anayesema si rafiki.

Kwa hiyo akitokea mtu wa kukwambia hasira za wasomaji ni utoto, usimsikilize. Kitabu hiki kilitoka mwaka 1956 na kikapata Nishani ya Carnegie, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Uingereza, na bado watu wazima wenye kalamu zao hawajakisamehe. Philip Pullman alikishambulia vikali mwaka 1998, akisema msichana amefungiwa nje kwa kosa la kukua. J. K. Rowling naye alisema mwaka 2005 kwamba jambo la Susan linamkera sana. Neil Gaiman aliliandikia hadithi nzima mwaka 2004, ya bibi mzee, profesa, ambaye yumkini ndiye Susan aliyebaki na kuzeeka. Huyo Gaiman aliona jambo ambalo mimi mchwa walikuwa wameninyima.

Mwaka 1989, wewe ukiwa unatambaa, nilikwenda Nairobi na baba yako. Kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba nikakiona, kizima. Nikasimama pale pale kando ya barabara nikafungua ukurasa wa mwisho. Aslan anawaambia kwamba kweli kulikuwa na ajali ya treni. Wao wote, na baba na mama yao, wamekufa. Muhula umekwisha, anasema, likizo imeanza. Ni maneno mazuri mno kwa mtu aliyesoma bweni. Lakini mimi nilibaki na hesabu nyingine kichwani. Peter amekufa, Edmund amekufa, Lucy amekufa, baba na mama wamekufa, binamu yao Eustace amekufa. Susan hakuwemo kwenye treni.

Yaani hakuzuiwa mlangoni na mtu. Yuko hai. Miaka yote ile nilidhani kitabu kimemfukuza, kumbe kimewafisha watu wake wote akabaki yeye, na hakuna aliyekumbuka kumtazama.

Hili nililijua kwa akili pale Nairobi. Kulijua kwa mwili kulikuja mwaka 1997. Baba yako alipofariki wewe ulikuwa na miaka tisa na tulikuwa tumefika kitabu cha sita. Arobaini ilipopita, shangazi zako wakarudi kwao, nikakaa kitandani kukunja nguo zake za kugawa. Shati la kahawia lilikuwa bado na tiketi ya basi mfukoni, imekunjwa mara nne kama alivyozoea. Nikamkumbuka Susan, wallahi. Nikajiuliza nani alikunja nguo za Lucy. Nani aliitwa kwenda kuwatambua. Usiku ule ukaniletea kitabu cha saba na mto wako, ukasema, Mama, twende. Nilikifungua nikaona sitaweza kukusomea hadithi ambayo familia nzima inakufa na kitabu kinafurahi. Ungeniuliza kama baba yupo kwenye likizo, nami sikuwa na sauti ya kukujibu. Asubuhi yake nikasema kimepotea.

Sasa vilemba. Hapa sitamtetea mwandishi. C. S. Lewis alilipata jina la Aslan katika maelezo ya Alfu Lela Ulela iliyotafsiriwa na Lane. Ni neno la Kituruki, simba. Alichukua jina la simba wake kwenye hadithi tulizosimuliwa sisi ukumbini kwa bibi, kisha watu wanaofanana na hadithi hizo, wenye vilemba na majambia na mashairi ya wahenga, akawafanya adui. Katika kitabu hiki wanamzunguka mfalme wakinuka vitunguu na kitunguu saumu, weupe wa macho yao uking'aa kwenye nyuso za kahawia. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa na mikono iliyomenya kitunguu saumu. Vibeti nao wanawaita kwa tusi la rangi ya ngozi. Ukifika hapo usiruke kimya kimya, maana Salma atairudia peke yake siku nyingine na wewe hutakuwepo. Simama, mwambie hapa mwandishi amewakosea watu.

Wapo watakaokwambia, lakini yupo Emeth. Ni kweli, yupo, na mimi nampenda. Ni askari kijana wa hao wenye vilemba, Wakalormen, aliyemtafuta mungu wake Tash tangu utotoni kwa moyo mmoja. Anaingia mlangoni yu tayari kufa ili amwone, anakutana na Aslan, anaanguka miguuni pake akijua amekwisha. Aslan anamgusa paji la uso kwa ulimi na kumwambia kwamba utumishi wote aliomfanyia Tash ameuhesabu kuwa wake, na kwamba mtu akiapa kwa Tash akatimiza kiapo kwa ajili ya kiapo chenyewe, ameapa kwake. Nililia. Halafu nikaona kinachouma ndani ya zawadi ile: ili kijana apokewe, ilibidi kwanza Tash wake awe dubwana lenye kichwa cha ndege na mikono minne. Moyo wake umekubaliwa, kwao wamekataliwa. Ni mlango uliofunguliwa nusu. Kwa mtu aliyezaliwa Ireland mwaka 1898, labda nusu hiyo ilikuwa safari ndefu. Kwa Salma, nusu haitoshi, naye ana haki ya kuambiwa hivyo na mama yake.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Sehemu ya kati ni nzito, mapigano ya usiku mmoja yasiyokwisha, unaweza kuyasoma mbio. Lakini punda msimpite. Sokwe anamvika ngozi ya simba na kumfanya awe Aslan wa uongo. Wahenga walisema punda haendi bila kigongo. Huyu alikwenda kwa maneno matupu, kwa kuambiwa kila siku kwamba hana akili na afanye anachoambiwa na mwenye akili. Miaka ishirini na tisa nimesomesha watoto, na sijaona kitabu kilichoeleza vizuri zaidi jinsi mtu mpole anavyotumiwa. Na punda huyu anasamehewa. Aslan anamwita wa kwanza, anamnong'oneza jambo masikio yakaanguka, kisha jingine masikio yakasimama. Hatuambiwi ni nini. Hapo Salma atacheka, kisha atakuuliza aliambiwa nini.

Na atakuuliza kuhusu Susan. Hili ndilo linalonifanya nikwambie msomee, mwanangu, msome mpaka ukurasa wa mwisho, bila kuruka kama mchwa. Watoto walimwuliza Lewis mwenyewe, naye akawajibu kwa barua, mmoja mmoja. Mwaka 1957 alimwandikia mtoto mmoja kwamba vitabu havisemi Susan aliishia wapi, kwamba ameachwa hai katika dunia hii na ana muda tele wa kubadilika, na huenda akafika nchi ya Aslan kwa njia yake mwenyewe. Alimwita msichana mpumbavu na mwenye majivuno, na hilo silikubali. Lakini mwaka 1960 akamwandikia mwingine kwamba si kwamba amemkatia Susan tamaa, ila hadithi ya safari yake ingekuwa ndefu na ya kiutu uzima kuliko alivyotaka kuandika. Akamwuliza, kwa nini usijaribu wewe kuiandika?

Lewis alifiwa na mama yake mwaka 1908, akiwa na miaka tisa. Aliijua hali ya kubaki. Nadhani ndiyo maana hakuthubutu kuingia chumbani kwa Susan siku ile simu ilipolia. Mimi nilijaribu mara moja kuingia, kwenye daftari la masomo, mwaka ule ule wa msiba. Niliandika kwamba Susan alifungua kabati la Lucy akakuta koti la manyoya, akatia mkono mfukoni. Hapo nikakwama. Sikujua mkono utakuta nini.

Kile kitabu cha Nairobi nimekifunga kwenye kanga yako ya kijani, ile ya pembe tatu nyekundu. Mdogo wako anasafiri tarehe kumi na nne, atakuleteeni pamoja na embe mbichi za kukausha. Daftari nimelitia humo humo, ukurasa nimeukunja pembe. Mkishamaliza kusoma, mpe Salma kalamu. Mwambie bibi anauliza: mfukoni mle mlikuwa na nini?

Mama yako