Taa zitulie, bati lizunguke

Ndugu, umeuliza kwa nini nyaya za sanaa yako ya taa zinajisokota mpaka zinakatika. Ni kwa sababu unazungusha taa zenyewe. Zifunge taa mahali pamoja, uzungushe bati lililotobolewa mbele yake. Vivuli vitatembea ukutani bila waya kusogea. Msanii László Moholy-Nagy aliweka mabati ya matundu kwenye mtambo wake wa mwanga unaozungushwa na mota, akauonyesha Paris mwaka 1930.

Mota ya waipa ya gari kuukuu inatosha, ni ya volti 12, na stima ikipotea betri ya gari inaendelea. Ila mota hiyo ina kasi. Weka kapi (gurudumu la kupitishia mkanda) dogo kwenye mota na kubwa kwenye ekseli ya bati, ili bati lizunguke polepole. Polepole ndiyo tamu, watu wapate kuona umbo likibadilika. Taa iwe LED moja ndogo yenye nguvu, si tyubu. Tyubu hufifisha vivuli.

Hapa Kisumu giza halijakolea kabla ya saa moja jioni, kwa hiyo usialike watu mapema. Na ukionyesha karibu na ziwa, mahali kama ufuo wa Dunga, wale wadudu wa ziwani watajaa kwenye taa. Mimi ningetafuta ukumbi wenye ukuta mweupe.