Ijaze Mpaka Igome

Swali la wiki limeuliza kama saa ya kutia ufunguo huharibika ikijazwa mpaka mwisho, na kama mwenyewe unaweza kuirekebisha ikikimbia au kuchelewa.

La kwanza halinipi shida: ijaze mpaka igome. Wazee husema saa fulani "ilikufa kwa kujazwa mno", lakini saa iliyosimama huku kamani (springi kuu inayoiendesha) imejaa kwa kawaida imekaukiwa mafuta au imeshika uchafu. Nguvu ipo, magurudumu ndiyo hayaendi. Ukijaza nusunusu ndipo unapoivuruga, maana kamani ikilegea, gurudumu la mizani, lile linalobembea kupima mwendo wa saa, hupungukiwa na mbembeo.

Mimi navaa saa ya HMT ya India, zile zilizoanza kutengenezwa Bangalore mwaka 1961 kwa utaalamu wa Citizen ya Japani. Asubuhi naivua kwanza, kwani ukiijaza ikiwa mkononi unakilemea upande kijiti cha kitufe cha pembeni cha kujazia. Nazungusha kwa dole gumba na cha shahada, taratibu, hadi kitufe kikatae. Hapo basi. (Wenye Seiko 5 za zamani msihangaike: nyingi hazijazwi kwa kitufe, zinajijaza mkono ukitembea.)

Kuhusu kurekebisha, anza kwa kuilinganisha na saa ya simu, wakati uleule kila siku. Tofauti ikiwa sekunde chache, badilisha mlalo wake wa usiku: ilaze uso juu, au isimamishe ubavu kitufe kikitazama juu. Saa hukimbia tofauti kwa kila mlalo, hivyo kilichopotea mchana huweza kurudi usiku bila kufungua kitu.

Kufungua mfuniko sikushauri. Kuna kijimshale juu ya lile gurudumu la mizani linalopiga mara 18,000 kwa saa, chenye alama za + na −, au A na R kwenye saa nyingi za Uswisi, A ikiwa ya kuharakisha. Ukikisogeza kidogo tu, majira hubadilika kwa dakika nzima kwa siku. Na pembeni yake kuna springi nyembamba mno. Sindano ikiteleza, umeipinda. Mwachie fundi saa.

Ila ikianza ghafla kukimbia dakika nyingi kwa siku, hata fundi asikiguse kijimshale. Yaelekea springi ile imeshika sumaku, labda ya spika uliyoilaza saa jirani nayo, na mizunguko yake inanatana. Mwulize kwanza kama ana kifaa cha kutoa sumaku. Ni kazi ya sekunde chache, usikubali kulipishwa bei ya kusafisha saa nzima.