Feng shui ofisini: je, ninunue chura wa shaba na tangi la samaki?

SWALI: Nimepanga ofisi ghorofa ya tisa eneo la Xiaobei, Guangzhou, ninakonunulia vitenge vya wateja wangu wa Dar es Salaam. Meza yangu imeupa mlango mgongo. Mtu anayejiita bingwa wa feng shui, elimu ya jadi ya Kichina ya kuchagua mahali na kupanga majengo, amenitaka ninunue chura wa shaba, kioo cha pembe nane na tangi la samaki la lita 300 la kuweka kwenye "kona ya utajiri". Feng shui ina kazi gani hasa nyumbani na ofisini?

JIBU LA MSANIFU MAJENGO: Ndugu msomaji, igeuze meza leo na usinunue chochote. Ukiwa na ukuta nyuma yako, ukauona mlango bila kukaa mkabala nao, hutashtuliwa na kila anayeingia. Katika feng shui yote, shauri linalokuhusu moja kwa moja ni hilo.

Hiyo "kona ya utajiri" ndiyo inayonichosha, kwa sababu kila wiki naletewa michoro ya majengo iliyokwisha kuharibiwa nayo. Mtindo wa kugawa chumba chochote kwa kuanzia mlangoni, utajiri ukawekwa mwisho kushoto, ulienezwa Marekani na mwalimu wa feng shui Lin Yun kuanzia miaka ya 1980, ilhali mabingwa wanaofuata dira huanza kwa kupima uelekeo wa jengo zima. Tena dira hiyo haiaminiki ikisomwa kwa simu ndani ya ghorofa, kwani nondo zilizomo kwenye zege huivuta.

Kazi ya asili ya feng shui ilikuwa kuchagua mahali, pa kuzika kwanza na pa kuishi pia. Maandishi ya kale yanayohusishwa na mwanazuoni wa China Guo Pu, aliyefariki mwaka 324, yanaeleza kwamba qi, yaani pumzi ya uhai, hutawanywa na upepo na husimama inapokutana na maji. Nenda Meizhou, mkoa huohuo wa Guangdong, uzitazame nyumba za ukoo za Wahakka, jamii mojawapo ya Wachina: nyuma kuna kilima chenye miti isiyokatwa, inayoshika udongo na kukinga upepo; mbele kuna bwawa la nusu mwezi linalopokea maji ya mvua, linalofugiwa samaki na linalotoa maji ya kuzimia moto. Aliyelichimba bwawa lile alijua kazi yake. Tangi la dukani halirithi kazi hiyo kwa kuwa tu lina maji.

Kwako tangi hilo ni hasara mara mbili. Maji peke yake yana uzito wa kilo 300 juu ya kipande kidogo cha sakafu ambayo hujui ilikadiriwa kubeba nini, na mwezi wa Machi na Aprili, hewa yenye unyevu inapotoka kusini na kuta za Guangzhou zikatoa jasho, sampuli zako za vitenge zitaota kuvu hata bila kuongezewa maji chumbani. Kioo nacho kikielekezwa dirisha la jirani huleta ugomvi, maana jirani Mchina atajua umemrudishia nuksi.

Matapeli hawa sasa wanawauzia ushauri hata watu wanaojenga Afrika Mashariki, nao huamuru kila nyumba itazame kusini. China ya kaskazini agizo hilo lina sababu, kwa kuwa jua la baridi hupita upande wa kusini na upepo mkali hutoka kaskazini. Mwanza, karibu na ikweta, jua hupita kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, na ukuta unaoungua ni wa mashariki na wa magharibi. Mombasa, anayepanga madirisha bila kuuliza kaskazi huingilia wapi na kusi huingilia wapi, hata akibeba dira ya aina gani, hajafanya hata ile kazi ambayo feng shui yenyewe ilianzishwa kuifanya, na hastahili kulipwa.