Nilivyoipoteza Nyatiti ya Mzee kwa Alama Moja ya Kutoa

Juzi msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Kaka, nimesoma Python mwaka mzima, narekodi chumbani kwangu, na nimechoka na programu za wenyewe. Nataka kuandika yangu ya kumiksi na kumasta. Nianzie wapi?" (Python ni lugha ya kuandikia programu; kumiksi ni kuchanganya sauti ziwe wimbo mmoja, kumasta ni kuuweka sawa wimbo huo kabla haujatoka.) Nilikaa nimjibu kwa mistari mitatu. Ikawa hii.

Kaka, anza kwa kutafuta spika moja. Moja, si mbili. Hata ya mtumba, kama yangu ya pale sokoni Kibuye. Sababu yake ni ndefu na bado inaniuma, lakini nitaisema.

Mimi nakaa Manyatta, hapa Kisumu. Studio yangu ni chumba cha kulala: godoro limesimamishwa ukutani, mablanketi mawili mlangoni, na juu ni mabati. Mvua ya alasiri ikianza, kurekodi kumekwisha, kwa hivyo kazi yangu ni kuanzia saa nne usiku boda zikishapungua hadi majogoo. Chaja ya laptopu huwa naichomoa kwanza, maana inaleta ule mngurumo wa stima, hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) pamoja na ndugu zake wa 100 na 150. Ukishaingia ndani ya sauti, kuutoa ni sawa na kutoa chumvi kwenye mchuzi.

Programu yenyewe niliianza kwa hasira. Studio moja ya mjini ilinilipisha, ikanizungusha wiki saba, kisha ikanipa wimbo ambao sauti yangu imezikwa chini ya ngoma. Nilipouliza, nikaambiwa sijui kusikiliza. Nikasema basi, nitajifanyia. Toleo la kwanza lilikuwa mistari arobaini hivi: chukua gitaa, chukua sauti, jumlisha. Ikatoka kelele kama bisi zinazopasuka sufuriani. Siku mbili nzima nalaumu maiki. Kumbe nilikuwa najumlisha namba za biti 16, na hizo hazipiti 32,767. Ukiongeza moja juu yake, hesabu inageuka -32,768, na wimbi lililokuwa kileleni linajikuta shimoni. Dawa ni kugeuza kila kitu kuwa namba za desimali kabla hujagusa chochote, na kurudi biti 16 mwisho kabisa. Nilipogundua hilo nilijiona profesa.

Mwaka jana rafiki yangu akaniletea jathum mmoja, yaani mwanamuziki wa Kiluo, kutoka upande wa Siaya, mzee wa miaka sabini na kitu. Aliingia na nyatiti imefungwa kwa leso, akaomba kigoda kifupi kuliko vyote nilivyokuwa navyo, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na njuga za gara juu yake. Kwa msioijua, nyatiti ni ala ya Waluo yenye nyuzi nane, na mpigaji huigonga fremu kwa ile pete huku vidole vya mikono vikicheza na sauti ikiimba. Mtu mmoja, bendi nzima. Niliweka maiki moja mdomoni na nyingine kwenye nyatiti. Aliimba mara mbili. Nilipomwomba ya tatu akasema, "Kijana wangu, wimbo si chai, hauongezwi maji."

Ile pete ndiyo iliyonifundisha kumasta. Programu yangu ilikuwa inatafuta kilele kirefu kuliko vyote na kupandisha wimbo mpaka kilele hicho kiguse dari. Pigo moja la pete likagusa dari, wimbo mzima ukabaki chini unanong'ona. Ndipo nikasoma kipimo cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kiitwacho BS.1770. Unaichuja sauti kwanza ikaribie namna sikio linavyosikia, unaikata vipande vya milisekunde 400 vinavyopandiana, unapima nguvu ya kila kipande, vilivyo kimya unavitupa, vilivyobaki unavipigia wastani. Jibu linakuja kwa LUFS, kizio cha ukubwa wa sauti: namba ikikaribia sifuri, wimbo una sauti kubwa zaidi. Spotify kwa kawaida huushusha wimbo uliozidi -14, kwa hivyo kuusukuma hadi -7 ni kujichosha na kumchosha msikilizaji. Nilikesha wiki nzima na tokeni za stima zikaisha mara mbili, lakini namba zangu zilipolingana na za FFmpeg, programu ya sauti na video inayotumiwa na wengi, nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu nikataka nyatiti iwe pana. Sauti ya maiki moja hukaa katikati ya kichwa, pale pale alipo mwimbaji. Nikaandika mstari mmoja:

kulia = -kushoto

Yaani sikio la kushoto lipate wimbi kama lilivyo, la kulia lipate lile lile limepinduliwa. Lo! Kwenye hedifoni nyatiti ilitoka kichwani ikanizunguka. Niliupa mtindo huo jina, nikauita Ziwa. Kwenye spika zangu mbili niliona besi yake imekonda kidogo, na hapo ndipo ningeshtuka. Badala yake nikaongeza desibeli 3 chini ya hezi 200, nikaenda kulala. Kipimo cha LUFS nacho kilinipa alama safi, kwa sababu chenyewe hupima nguvu ya kila upande peke yake ndipo kinajumlisha. Alama ya kutoa hakiioni kabisa.

Wiki mbili baadaye wimbo ukapigwa matangani kwao mzee. Fundi wa mitambo aliyekodiwa alikuwa na spika mbili kubwa, lakini kwenye mikisa alizijumlisha kushoto na kulia zikawa kitu kimoja. Wengi hufanya hivyo na wana haki, ili aliyeketi chini ya mwembe upande huu asikie sawa na aliye chini ya turubai upande ule. Sasa jumlisha mwenyewe: wimbi na pindu lake ni sifuri. Sauti ya mzee ilikuwa katikati, ikabaki. Nyatiti ikaondoka. Ilisikika kwa mbali tu, kama inapigwa ng'ambo ya ziwa, na hata hiyo kidogo ni ile iliyopenya kwenye maiki ya mdomoni.

Nasikia waombolezaji walidhani ni mtindo. Mzee hakudhani. Alinipigia jioni ile, hakupaza sauti.

"Kijana wangu, nyatiti yangu uliiuza wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za mawimbi. Mtu amezika ndugu yake mchana, wimbo wake umeharibika mbele ya ukoo mzima, mimi namfundisha hesabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akakata. Kesho yake nilimrudishia elfu nne zake kwa M-Pesa pamoja na za kutolea. Mpwa wake akampeleka kurekodi upya mjini. Ndiyo, studio ile ile.

Kwa hivyo ndugu wa Nakuru, na nyinyi wengine mnaonitumia picha za mawimbi yenye rangi kama kanga za harusi: sikilizeni kwa spika moja. Kabla ya kupima LUFS, jumlisha kushoto na kulia, gawanya kwa mbili, sikiliza. Ukimaliza kupima, sikiliza tena kwa spika moja. Simu ya mama yako ni spika moja. Redio ya jikoni ni spika moja. Kinyozi wako ana mbili, moja ilikufa tangu mwaka juzi. Hedifoni za elfu kumi na tano anazo nani? Wewe, na yule rafiki yako mnayesifiana. Sisi tunaoandika programu tuna ugonjwa huu, tunaipenda programu kuliko wimbo, na mtu akija na wimbo wake tunauona kama faili la kujaribia. Tuache. Mzee yule hakuja kwangu kutazama Python.

Mengine utayajua njiani: desimali kwanza, chaja nje, ondoa besi usiyoihitaji chini ya hezi 80 kwenye sauti ya mwimbaji. Na spika moja.

Ziwa nimeifuta. Siku hizi programu yangu hulinganisha pande mbili kabla ya kutoa faili, na zikiwa zinapingana inasimama na kuandika kwenye skrini: Nyatiti iko wapi?

Ule wimbo mpya nimeusikia wiki hii kwenye tuktuk nikitoka Kondele. Tulipofika nilimwomba dereva asizime, akanitazama vibaya lakini akaniachia uishe. Nyumbani niliupakua, nikaupima. Ni -8, na pete imekatwa kichwa kila inapogonga. Wangenipa mimi nisingeikata. Kisha nikazijumlisha kushoto na kulia, nikauweka kwenye ile spika ya Kibuye.

Nyatiti ipo, nyuzi zote nane.