Barua kwa mwanangu: ulichoniuliza kuhusu baba yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unataka kujua baba yako alijifunza useremala wapi na kwa nani, ili iingie kwenye historia ya marehemu itakayosomwa siku ya misa ya kumbukumbu. Hilo ni jepesi. Alifundishwa na mzee mmoja wa Majengo, hapa Moshi, kabla hajanioa, akaanza kwa kufagia maranda na kushikilia ubao wakati mwenzake anakata. Cheti cha majaribio ya ufundi cha daraja la tatu alikipata baadaye, akiwa tayari na karakana yake Pasua.

Lakini mtu huyo ukimwandika hivyo, alizaliwa, akasoma, akaoa, akafariki, hakuna atakayemtambua. Mimi nilijua ameshinda akifanya nini kabla hajanisalimia. Akirudi anajikuna shingo na mikono, siku nzima alikuwa anaranda mvule. Shati likinukia kamfa, ule mti wa msitu wa mlima wenye harufu nzuri, hata kulifua nilichelewesha. Msitu wote wa Mlima Kilimanjaro ulipoingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ambamo miti haikatwi, alisema ni sawa kabisa, maana ndio unaotupa maji. Hata hivyo alikuwa na kipande kimoja cha kamfa cha zamani alichokiweka darini, na mara mojamoja alikishusha, akakinusa, akakirudisha. Mwenye fedha alimtengenezea kwa mninga wa Tabora, asiye nazo kwa paina au saiprasi ya West Kilimanjaro, na wote wawili aliwapigia guni ileile, kile kipimo cha kunyoosha pembe.

Na vitanda vyenu. Nyumba za mafundi wengi milango haifungi na viti vina miguu mitatu. Kwetu hapana. Kila mmoja wenu alipoacha kulala na mimi alikuta kitanda kinamsubiri, cha mbao nzima, si mabaki ya wateja. Hilo liandike.

Ninachoamini mimi, na nilikipata kwake, ni kwamba ubao mbichi utakuumbua. Dada yako alipotaka kuolewa ndani ya miezi miwili nilimwambia hivyohivyo. Mlikua mkiziona mbao zimepangwa kivulini nyuma ya karakana, fito katikati ili hewa ipite, ncha zimepakwa rangi zisipasuke, na mkikatazwa kuzikalia. Ubao wenye maji ukishaufanya mlango, unakauka ukiwa umefungwa tayari. Ulimi, ile ncha ya ubao inayoingizwa kwenye ubao mwingine, unasinyaa ndani ya tundu lake, fremu inacheza, uso unapinda. Kwetu hapa masika mlango unavimba, Januari unanywea, hata ule wa mbao kavu. Sasa huo mbichi?

Ulikuwa unaingia kidato cha kwanza. Unajua Desemba ya huku ilivyo, watu wanapanda kutoka Dar, na kila anayejenga mgombani anataka nyumba iwe imekamilika wageni wakifika. Akaja mteja mmoja, nyumba yake iko juu Kibosho. Alitaka milango yote, madirisha na kabati la jikoni. Akatoa kianzio, baba yako akakileta nyumbani, nikakihesabu kwa mkono wangu. Ada ilikuwemo, tranka, godoro, na bado kikabaki cha sikukuu. Usiku ule nililala vizuri.

Siku chache baadaye mbao zikashushwa karakanani. Mteja alizinunua mwenyewe kwa bei ya chini, mninga uliokatwa juzi, mzito, ukiugusa unahisi ubaridi. Baba yako akamwambia zisubiri. Yule akasema Krismasi haisubiri, na kwamba mlango ukipinda ni shauri lake. Baba yako akarudi nyumbani mimi nikiwa sokoni Mbuyuni, akafungua sanduku, akazichukua zile fedha akamrudishia zote.

Nilikuja kuambiwa na jirani.

Nikaenda Himo kwa mjomba wako kukopa ada. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wakamaliza kula, mimi dada yake wa tumbo moja, kisha nikapewa pungufu ya nilichoomba pamoja na maneno kuhusu wanaume wanaochagua kazi. Ukaripoti shule umechelewa. Wewe ulidhani ni basi.

Alikuwa na haki? Ubao ulikuwa mbichi, hilo silibishi, na jina lililokuwa kwenye karakana lilikuwa lake, mwenye kula lawama ni yeye. Tena fedha ya mtu ukikataa kazi yake unairudisha, huwezi kukaa nayo. Haya. Lakini mteja mwenyewe alishasema ni shauri lake! Angeweza kutengeneza madirisha ya paina kavu kwanza akaiacha milango. Angeweza kuniambia. Kuniambia tu, nikiwa nimekaa, na ningemjibu arudishe. Nadhani ningemjibu hivyo. Sikupewa nafasi ya kusema.

Milango ilifanywa na fundi mwingine. Mwaka uliofuata, masika ikiwa imekwisha, yule mteja alirudi Pasua mwenyewe, akiwa mpole. Baba yako hakumcheka. Alipanda Kibosho, akaing'oa milango, akatengeneza mingine kwa mninga wake uliokaa kivulini, akalipwa bila kupunguziwa hata shilingi. Nikazipokea zile fedha nikalipa deni la Himo, na siku hiyo sikukaa kwenye benchi.

Dada yako anasema hapo ndipo baba alipothibitika. Kaka yako anasema tulipata bahati tu mteja kurudi. Mimi mniache. Nimeolewa na mtu yule miaka yote ile, nikisema alikosea nitakuwa nimemwonea, nikisema alipatia nitakuwa nimelisahau lile benchi. Karibu niseme, lakini siandiki.

Kwenye historia weka mzee wa Majengo, cheti, Pasua, vitanda, vijana aliowafundisha bila kuwatoza kitu. Habari za yule mteja usiziweke, watu wa Kibosho watamtambua naye atakuwepo. Na wewe uje siku mbili kabla, kuna viti vya kukodi na sina wa kwenda kuvichukua.

Mama yako